Askari wa Baada ya Saa za Kazi

Tarehe 25 Agosti 1537 Mfalme Henry VIII wa Uingereza alitoa hati ambayo wakili wa siku hizi asingethubutu kuiandika. Iliwaruhusu watu fulani wa mji wa London waunde chama cha kujifunza silaha za kupiga mbali: pinde ndefu, pinde za mtambo na bunduki za mkono. Mazoezi yangefanyika pembeni mwa makazi, mahali ambapo watu hupita, na mfalme alijua ajali hazitakosekana. Basi akaweka kinga. Mwanachama akilenga shabaha inayojulikana, akatanguliza ukelele wa onyo, kisha kwa bahati mbaya akamuua mpita njia, asishtakiwe.

Chama hicho bado kipo. Leo kinaitwa Honourable Artillery Company, au HAC kwa ufupi, na kinahesabiwa kuwa kikosi kikongwe kuliko vyote katika jeshi la Uingereza. Duniani waliokitangulia ni wachache, wakiwamo walinzi wa Kiswisi wa Papa walioanza kazi Roma mwaka 1506. Lakini kuna jambo la kushangaza kuliko umri wake. Kwa karibu miaka 250 ya mwanzo, kikosi hiki cha mizinga hakikuwa na kitengo cha mizinga. Na tangu siku ya kwanza askari wake wamekuwa watu wenye kazi nyingine: wauza nguo, makarani wa bima, wanasheria, wahasibu. Mchana wako dukani au ofisini, jioni wanavaa sare. Tena kwa sehemu kubwa ya historia hiyo hawakufuata mshahara. Wao ndio waliolipa kiingilio na ada ili wahesabiwe kuwa askari.

Mpango huo uliwafaa wote. Mfalme hakuwa na jeshi la kudumu. Watu walikusanywa vita vikizuka, wakarudishwa makwao vikiisha. London ilikuwa na mgambo wake, ila mgambo wasio na maofisa ni kundi la watu wenye silaha tu. HAC ikawa chuo cha maofisa hao. Matajiri wa mji nao walipata heshima, karamu, kujuana na wakubwa, na uhakika kwamba siku maghala yao yakiwa hatarini, wenye bunduki watakuwa watu wao. Sababu hii ya mwisho haikuandikwa kwenye hati, lakini ndiyo inayoeleza mengi yaliyofuata.

Mazoezi yalianzia Spitalfields, nje kidogo ya ukuta wa mji, ambako mpaka leo kuna kichochoro kiitwacho Artillery Lane. Manowari za Hispania zilipotishia kuvamia mwaka 1588, wanachama walipewa uongozi wa mgambo waliokusanywa kuilinda nchi. Mwaka 1641 walihamia kiwanja kipya karibu na makaburi ya Bunhill, kaskazini ya mji. Hawajahama tena.

Hawakukaa hata miaka miwili kwa amani. Mwaka 1642 Mfalme Charles I na Bunge waliingia vitani, na chama kikagawanyika kama nchi ilivyogawanyika, ingawa wengi walilifuata Bunge. Philip Skippon, askari mzoefu aliyepigana miaka mingi Ulaya bara na aliyekuwa kiongozi wa mafunzo ya kikosi tangu 1639, alikabidhiwa mgambo wa London. Tarehe 13 Novemba 1642 mgambo hao, wenye maduka na wanagenzi wao, walijipanga bega kwa bega na jeshi la Bunge huko Turnham Green, magharibi ya mji, wakaziba njia. Mfalme aliwatazama, akapima wingi wao na wake, akageuza farasi. Hakupata tena nafasi ya kuukaribia mji mkuu wake kiasi hicho akiwa na jeshi.

Wakati huo mwanachama mmoja wa zamani alikuwa ng'ambo ya bahari, amezama katika kesi ya nguruwe.

Huyo ni Robert Keayne, mfanyabiashara wa nguo aliyejiunga na kikosi mwaka 1623 na kuhamia Boston, katika koloni la Massachusetts, mwaka 1635. Hakupoteza muda. Yeye na wenzake waliomba kibali cha kuunda kikosi cha namna ileile waliyoizoea London. Gavana John Winthrop alisita. Aliogopa kwamba watu wenye silaha wanaojitawala wenyewe wanaweza siku moja kuipindua serikali ya kiraia, na hofu hiyo aliiandika katika kumbukumbu zake. Hata hivyo kibali kilitoka mwaka 1638, Keayne akawa kapteni wa kwanza, na kikosi hicho, ambacho sasa kinaitwa Ancient and Honorable Artillery Company, bado kinahesabiwa kuwa chombo cha kijeshi cha zamani kuliko vyote vyenye hati katika Marekani.

Kapteni mwenyewe alikuwa na visa. Mwaka 1639 alishtakiwa kwa kuuza bidhaa kwa bei ya kunyonya, akatozwa faini kubwa, na kanisa likamkaripia hadharani. Kisha mwanamke mmoja akadai kwamba Keayne alimchinja nguruwe wake aliyepotea. Kesi hiyo ilifika baraza kuu la koloni na kuzusha mabishano makali kati ya mahakimu na wawakilishi wa wananchi, kiasi kwamba mwaka 1644 baraza lilitenganishwa kuwa nyumba mbili. Keayne hakusahau. Wasia wake, alioanza kuuandika mwaka 1653, una kurasa zaidi ya 150, na sehemu kubwa ni utetezi wa jina lake. Lakini humo humo aliacha fedha zilizosaidia kujenga jumba la kwanza la mji wa Boston. Katika mtu huyu mmoja unaona aina nzima ya watu waliounda vikosi hivi: wacha Mungu, wapenda faida, wagomvi mahakamani, na wakarimu pale ambapo ukarimu utaonekana.

London nako kikosi kiliendelea kuwa chimbuko la vingine. Mwaka 1664 Duke wa York, ndugu wa Mfalme Charles II na mwenyewe kiongozi wa HAC, alipounda kikosi cha askari wa nchi kavu watakaopigana melini, waliojazwa humo walitoka katika mgambo wa London. Kikosi hicho ndicho Royal Marines, askari wa majini wa Uingereza, wanachokitaja kama asili yao.

Karne ya 18 ilipofika, hatari kubwa zilikuwa zimeuondokea mji, na HAC ikageuka kuwa mwenye kiwanja kuliko kuwa jeshi. Makao yake, Armoury House, yalijengwa mwaka 1735. Mbele yake palichezwa kriketi mbele ya umati mkubwa wenye kiu ya bia na kamari. Tarehe 18 Juni 1744 timu ya Kent ilikutana hapo na timu ya Uingereza nzima, ikashinda kwa wiketi moja, na karatasi ya alama za mechi hiyo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kuhifadhiwa kamili. Wakuu wa kikosi hawakuupenda umati ule, ila pesa za kiingilio si kitu cha kudharau.

Mizinga ilikuja kwa sababu ya ghasia. Juni 1780 Lord George Gordon aliongoza maandamano makubwa dhidi ya sheria iliyowapunguzia Wakatoliki baadhi ya vikwazo. Maandamano yakageuka kuwa siku kadhaa za moto. Gereza la Newgate lilichomwa, wafungwa wakatoka; makanisa madogo na nyumba za Wakatoliki zikavunjwa. Umati ulipoielekea Benki Kuu ya Uingereza, ulikuta askari, na HAC ilikuwa miongoni mwao. Zaidi ya watu 200 waliuawa mjini kabla ya utulivu kurudi. Halmashauri ya mji ililishukuru jeshi lake la wafanyabiashara kwa zawadi ya mizinga miwili ya shaba, na kitengo cha mizinga kikaanzia hapo. Ni vema msomaji azingatie walichokuwa wakikilinda siku ile. Nyumba za Wakatoliki maskini zilikwisha kuteketea. Benki ilibaki bila mkwaruzo. Mizinga ile miwili imewekwa kwenye ukumbi wa kuingilia wa Armoury House.

Miaka minne baadaye kiwanja kilishuhudia jambo la furaha zaidi. Vincenzo Lunardi, kijana wa Kiitalia aliyekuwa katibu wa balozi wa Naples, alitaka kuwa mtu wa kwanza kupaa kwa puto katika Uingereza, na alikuwa amepewa uwanja wa hospitali ya wanajeshi wazee ya Chelsea. Mshindani wake, Mfaransa mmoja, akamtangulia kujaribu. Puto lake likashindwa kupaa, na watazamaji waliolipa wakafanya fujo. Chelsea ikamfutia Lunardi kibali. HAC ikamkaribisha, kwa sharti: achangie gini 100 kwa familia ya Sir Barnard Turner, ofisa wao aliyekuwa mstari wa mbele wakati wa ghasia za 1780 na ambaye alikuwa amefariki miezi michache kabla.

Siku yenyewe ilikuwa 15 Septemba 1784. Watu waliofurika kiwanjani na mitaani wanakadiriwa kuwa maelfu mia moja na zaidi. Mwana wa mfalme alikuwepo. Gesi ya haidrojeni iliingia taratibu mno, umati ukaanza kunung'unika, na askari wa HAC waliokuwa wanalinda kamba walijua kilichotokea Chelsea. Lunardi alikusudia kwenda na abiria, lakini puto halikuwa na nguvu za kuwabeba wawili. Akamwacha mwenzake chini, akapaa na mbwa, paka na njiwa. Mkononi alikuwa na makasia, akiamini angeweza kulipiga puto kasia kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Kaskazini ya mji alishuka kidogo ili kumteremsha paka aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, akapaa tena, akatua mashambani Hertfordshire. Kikosi kilimpokea kuwa mwanachama, na yeye akaivaa sare yao kwa fahari.

Vita dhidi ya Napoleon vilipita bila HAC kufyatua risasi hata moja kwa adui. Sehemu kubwa ya karne ya 19 ilikuwa ya gwaride, chakula cha jioni na ugomvi wa ndani juu ya nani mwenye mamlaka: wanachama waliochagua viongozi wao, au serikali iliyotoa silaha. Neno Honourable, lililokuwa likitumika tangu karne ya 17, Malkia Victoria alilithibitisha rasmi mwaka 1860.

Kisha ikaja Afrika. Desemba 1899, katika juma moja, Makaburu waliwashinda Waingereza mara tatu katika Afrika Kusini, na London ikapigwa na butwaa. Meya wa mji, Sir Alfred Newton, akaahidi kikosi kitakacholipiwa na mji wenyewe, City Imperial Volunteers. Mabenki, makampuni ya meli na vyama vya wafanyabiashara vilifungua mikoba. HAC ilitoa wapiga mizinga wa betri moja yenye mizinga minne mipya ya Vickers-Maxim, kila kombora likiwa na uzito wa ratili 12 na nusu, mizinga bora kuliko mingi ya jeshi la kawaida. Mwanzoni mwa Februari 1900 betri hiyo ilisafiri kwa meli Montfort. Shimoni mwa meli, miongoni mwa vijana wanaosafisha samadi ya farasi wanaougua bahari, alikuwamo karani wa Bunge aitwaye Erskine Childers.

Childers alikuwa na umri wa karibu miaka 30, mwembamba, mwenye maumivu ya mshipa wa mguu yaliyomfanya achechemee. Cheo chake kilikuwa cha chini kabisa: mwongoza farasi wa gari la mzinga, anayepanda farasi mmoja na kumshika wa pili kwa hatamu. Karani mwenzake wa Bunge, Basil Williams, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria, alikuwa pamoja naye katika betri hiyo hiyo. Fikiria wanaume wawili waliozoea kuandaa karatasi za kamati za wabunge, sasa wanaamka saa tisa usiku kuwasugua farasi kwa brashi kwenye baridi ya nyanda za Free State.

Waliingia vitani Juni 1900 karibu na Lindley, wakaendelea hadi Bethlehem wakiwafukuza makamanda wa Makaburu waliojua kila kilima. Kupigana kwenyewe kulichukua saa. Kutembea kulichukua majuma. Childers aliandika barua ndefu nyumbani, na dada zake pamoja na rafiki wakazipeleka kwa mchapishaji. Kitabu kilichotokana nazo, In the Ranks of the C.I.V., kilitoka mwaka huohuo wa 1900, na kilisomwa sana kwa sababu kilisimulia vita kutoka mgongoni mwa farasi wa mzinga, si kutoka kwenye hema la jenerali. Oktoba walirudi. London iliwapokea kwa umati mkubwa kiasi kwamba maandamano yao yalikwama njiani. Waliporudi nyumbani, vita vyenyewe vilikuwa vinaingia hatua chafu zaidi, ya kuchoma mashamba na kuwafungia wanawake na watoto wa Makaburu, na Waafrika kwa maelfu, katika kambi ambamo walikufa kwa maradhi. Wale wa London hawakuwepo kuyaona hayo. Waliokuwa mabarabarani wakiwashangilia hawakuyajua.

Yaliyompata Childers baadaye hayapatikani katika kumbukumbu za askari mwingine yeyote wa HAC. Mwaka 1903 alitoa The Riddle of the Sands, riwaya ya ujasusi iliyowaonya Waingereza juu ya Ujerumani. Julai 1914 yeye na mkewe walitumia jahazi lao la burudani, Asgard, kupeleka bunduki 900 za Kijerumani kwa wazalendo wa Ireland. Majuma machache baadaye alikuwa anaitumikia Uingereza vitani. Mwaka 1921 alikuwa katibu wa ujumbe wa Ireland katika mazungumzo na Uingereza, akaukataa mkataba uliotokana nayo, akajiunga na upande ulioupinga. Serikali mpya ya Ireland ilimkamata na bastola ndogo, ikamhukumu, na tarehe 24 Novemba 1922 akapigwa risasi Dublin, baada ya kuwapa mkono askari waliopangiwa kumuua, mmoja baada ya mwingine. Mwanawe alichaguliwa kuwa Rais wa Ireland mwaka 1973.

Mwaka 1908 serikali ya London iliviunganisha vikosi vyote vya kujitolea katika jeshi moja la akiba. HAC ilibaki na upekee wake, ikawa na betri mbili za mizinga ya farasi, A na B, pamoja na askari wa miguu. Vita vikuu vilipozuka, askari wa miguu walitua Ufaransa Septemba 1914. Betri zilipelekwa Misri mwaka 1915 kuulinda Mfereji wa Suez, na kutoka hapo betri B ikaitwa haraka mahali ambapo mabaharia wa Lamu, Mombasa na Zanzibar walipajua vizuri kuliko makarani wa London: Aden.

Bandari hiyo ilikuwa katika hali mbaya. Mwanzoni mwa Julai jeshi la Waturuki chini ya Ali Said Pasha lilishuka kutoka Yemen na kuuchukua mji wa Lahej. Sultani wa Lahej, Ali al-Abdali, rafiki wa Waingereza, alipigwa risasi gizani na askari wa upande wa Waingereza wenyewe waliomdhania adui, akafa kwa majeraha. Askari waliorudi nyuma walianguka njiani kwa jua na kiu. Waturuki wakasonga hadi Sheikh Othman, na hapo ndipo palipoleta hofu ya kweli, kwa sababu maji ya Aden yalitoka kwenye visima vya Sheikh Othman. Kuvishika visima kulikuwa kuishika bandari kooni.

Brigedi ya Wahindi ilitumwa kutoka Misri chini ya Jenerali Younghusband, pamoja na betri B ya HAC na betri ya Berkshire, nayo ya askari wa akiba. Mizinga waliyoikokota ilikuwa na asili ya kuchekesha. Wakati wa Vita vya Makaburu, Uingereza ilipojiona imepitwa, ilinunua kimya kimya mizinga 108 ya ratili 15 kutoka kiwanda cha Ehrhardt cha Ujerumani. Mizinga hiyo ilipochakaa kidogo ikapewa askari wa akiba. Hivyo Julai 1915 makarani wa London waliwapiga Waturuki, washirika wa Ujerumani, kwa mizinga iliyotengenezwa Ujerumani. Sheikh Othman ilirudishwa mikononi mwa Waingereza kabla ya mwezi kwisha, na maji yakaendelea kutoka. Lahej haikurudishwa, Ali Said Pasha aliketi humo mpaka vita vilipokwisha mwaka 1918, na kati ya pande hizo mbili misafara ya biashara ilipita karibu kama kawaida.

Betri zote mbili baadaye zilipigana Sinai na Palestina pamoja na wapanda farasi wa Australia. Si kila siku ilikuwa ya ushindi. Tarehe 1 Mei 1918, katika bonde la Yordani karibu na kivuko cha Jisr ed Damieh, Waturuki waliwashtukiza, na mizinga 9 ya farasi, ya HAC ikiwamo, ikaachwa kwa adui kwa kuwa ardhi ilikuwa ya makorongo yasiyopitika kwa magari. Kwa mpiga mizinga hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, hata pale ambapo kosa si lake.

Ufaransa nako, usiku wa 28 Aprili 1917 na siku iliyofuata, maofisa wawili vijana wa HAC, Reginald Haine na Alfred Pollard, walipata kila mmoja nishani ya Victoria Cross kwenye mapigano ya kijiji cha Gavrelle. Pollard alikuwa karani wa kampuni ya bima kabla ya vita, na baada ya vita akawa mwandishi wa riwaya nyingi. Zaidi ya wanachama 1,600 wa kikosi hawakurudi.

Katika Vita vya Pili vya Dunia HAC ilifanya tena kazi yake ya zamani, ya kuzalisha maofisa. Maelfu ya wanachama walipewa vyeo na kusambazwa katika vikosi vingine. Waliobaki waliunda rejimenti kadhaa za mizinga. Ya 11 ilipata hasara kubwa katika jangwa la Libya mwaka 1942, ikapewa mizinga mipya ya Kimarekani iliyopachikwa juu ya gari la minyororo, ambayo askari waliiita Kasisi kwa sababu sehemu ya bunduki yake ilifanana na mimbari. Oktoba mwaka huo ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia vitani, huko El Alamein. Ya 12 ilipigana Tunisia na Italia, ya 13 ikatoka Normandy hadi Ujerumani.

Wakati wa vita baridi kazi ilibadilika kuliko wakati wowote. Kuanzia mwaka 1973 wanachama walifunzwa kuchimba mashimo ardhini Ujerumani Magharibi, kujifukia humo, kuacha vifaru vya Warusi vipite juu yao, kisha kutoa taarifa kwa redio ili mizinga ya mbali ijue pa kupiga. Mtu angefanya kazi ya udalali wa hisa hadi Ijumaa mchana, na Jumamosi alfajiri awe ndani ya shimo lenye matope akijifunza kuyatambua magari ya adui kwa umbo. Vita hivyo havikuja, na ni bahati njema kwa waliokuwa wamepangiwa mashimo hayo.

Hata hivyo wakazi wa London huwajua zaidi kwa kelele. Tangu mwaka 1924 HAC ndiyo inayopiga mizinga ya heshima katika Mnara wa London, kando ya mto Thames. Heshima ya kifalme ya msingi ni mizinga 21. Mnarani hupigwa 62: 21 za kawaida, 20 kwa kuwa mahali hapo ni ngome ya kifalme, na 21 nyingine kwa niaba ya mji. Mwaka 1925 wanachama waliostaafu walianzisha kundi la mikuki na bunduki za kizamani, linalovaa mavazi ya miaka ya 1640 na kumsindikiza Meya wa mji. Kuna wanaoliona hilo kuwa mchezo wa wazee. Huenda ni kweli, lakini kila mkuki unaobebwa pale unamkumbusha Meya nani alilipia nini.

Mwenye cheo cha juu kabisa cha HAC, Kapteni Jenerali, kwa desturi ni mfalme au malkia mwenyewe. Elizabeth II alikirithi cheo hicho pamoja na taji Februari 1952, alipokuwa Kenya. Habari za kifo cha baba yake zilimfikia Sagana, karibu na Nyeri. Alikishika miaka 70. Tarehe 9 Septemba 2022, siku moja baada ya kifo chake, HAC ilipiga mizinga 96 Mnarani, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake, na kesho yake 62 kwa ajili ya Charles III, ambaye sasa ndiye Kapteni Jenerali wao.

Vikosi vingi vya kujitolea vya Uingereza vimefutwa au kuunganishwa kila bajeti ilipobana. HAC haijafutwa, na ushujaa wake, ambao haukosekani, hautoshi kueleza kwa nini. Kinachoeleza zaidi ni ardhi. Kiwanja cha 1641 bado kiko mikononi mwao, ekari kama 6 za nyasi zilizozungukwa na maghorofa ya mabenki, na wakati wa kiangazi kriketi bado huchezwa hapo.